Neno Nililomsemea Baba Yako

Buguruni,
Jumatano, alasiri

Debora,

Shuleni nilifundishwa kwamba barua huanza kwa salamu, kisha hali ya mwandishi, kisha hali ya nyumbani. Nami nimewafundisha watoto wa watu hivyo hivyo miaka yote hii. Lakini wewe na mimi tunakunywa maji ya mtungi mmoja. Hali yangu unaijua, na kama huijui nakuambia: nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumapili, na kesho unaondoka.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo, ama nitalia ama nitakuzaba kofi, na umri wako wa kupigwa umepita. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako utakaporudi kutoka kuwaaga rafiki zako. Isome mpaka mwisho kabla hujaja jikoni kuniuliza neno.

Habari za kufua, za kula, za kusali na za kutoazimisha nguo zako sitaziandika. Shangazi yako amekwisha kukuambia zote, nyingine mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelificha tangu ulipokuwa tumboni mwangu.

Jumapili, tulipotoka kanisani, ulisimama uani na wale wenzako wawili mtakaokwenda nao chuoni. Baba yako alikuwa amekwisha kubadili nguo, ndiyo kwanza anafungua boneti ya teksi ya jirani yetu Shomari. Akainua kichwa, uso wake wote unacheka. Akakuuliza, "Alhamisi treni inaondoka saa ngapi, mama? Nataka tufike mapema nikushikie kiti cha dirishani."

Ukawatazama wenzako kwanza. Nilikuona. Kisha ukasema, "Baba, wewe baki tu. Mzee Shomari atanipeleka."

"Mbona? Alhamisi nina nafasi."

"Pale stesheni makuli wanakujua, baba. Wataanza tena 'Sailensa, Sailensa.' Sitaki kuanza chuo na jina hilo."

Wenzako wakacheka kwa pua. Baba yako akasema, "Haya, mwanangu," akaenda kunawa mikono. Mikono yake haikuwa imechafuka bado.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria. Nikanyamaza. Nimezoea kunyamaza katika habari hii, nami najichukia mwenyewe zaidi kuliko ninavyokuchukia wewe kwa maneno yale. Maana jina lile, Debora, si la baba yako. Ni langu.

Sasa sikiliza.

Nilipoolewa nilikuwa nimetoka shule ya misheni mwaka ule ule. Nilikuwa msichana wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza shule, na Kiingereza changu kilisifiwa. Mwalimu wetu alikuwa bibi wa Kizungu aliyetufundisha kusimama wima, mikono nyuma, na kujibu kwa sentensi nzima. Nilikuwa mtoto mtiifu. Niliamini kwamba kila kitu duniani kina neno lake kitabuni, na anayelijua neno anakijua kitu. Nilikuwa nimeomba kazi ya ualimu kwa Wazungu wa misheni hapa Dar es Salaam, nikingoja jibu kila siku.

Baba yako alikuwa fundi katika gereji ya Mzee Hassanali, mjini, upande wa Gerezani. Kiingereza alikuwa hajui hata neno la kuombea maji. Lakini gari likiletwa pale, wanawe Mzee Hassanali walikuwa wakisema, "Ngojeni Elia alisikie kwanza." Hawakusema alitazame. Walisema alisikie.

Palikuwa na Mzungu mmoja mgeni, ametoka kwao karibuni. Jina lake sikulijua, mafundi walimwita Bwana Haraka, kwa sababu Kiswahili chake chote kilikuwa "lete", "toka" na "haraka". Gari lake lilikuwa na ugonjwa mmoja: barabarani linakwenda vizuri, lakini likisimama, akiondoa mguu kwenye mafuta, linatetemeka, linazima. Ugonjwa huo mafundi wana namna yao ya kuusema. Gari likisimama na injini ikanguruma polepole yenyewe, bila mtu kukanyaga mafuta, wanasema limekaa sailensa. Likizimika, wanasema halikai sailensa. Neno hilo umelisikia hapa uani tangu hujajua kutambaa.

Siku ile ilikuwa ya kumi ya Muharamu. Mzee Hassanali na wanawe wote walikuwa wamekwenda kuomboleza imambarani, nyumba ya ibada ya Mashia, na karani wao pia. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa. Baba yako aliachiwa gari la Bwana Haraka peke yake, kwani lilikuwa lichukuliwe kesho yake. Mchana nikampelekea chakula. Ulikuwa na miezi minne tumboni.

Nilimkuta amekwisha kusafisha plagi na platini, amefungua kabureta, amepuliza jeti, kile kitundu cha mafuta, mpaka midomo yake inanuka petroli. Akarudisha kila kitu, akawasha. Injini ikanguruma. Akaachia mafuta. Ikatetemeka, ikafa.

"Labda ni bovu tu," nikasema. "Kula kwanza."

"Ngoja, Mwalimu." Aliniita hivyo hata kabla sijapata kazi. "Unasikia?"

"Nasikia makelele."

"Chini ya makelele."

Akawasha tena, akainama, akafumba macho. Mkono wake ukawa unatembea juu ya vyuma kama mtu anayetafuta kifungo gizani. Ukafika kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye injini na kupita nyuma kwenda kwenye waipa za kioo. Magari ya siku zile waipa zake zilichezeshwa na mvuto wa injini, kwa mpira ule. Akaubana kwa vidole. Injini ikatulia. Ikakaa pale pale, tu-tu-tu-tu, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Akanishika mkono. "Bana wewe. Hapa."

Nikabana, ikatulia. Nikaachia, na chini ya kidole changu nikasikia pumzi nyembamba ikivutwa, fyuuu, na injini ikaanza kufa.

"Umepasuka," akasema. "Kiangazi chote hakuna anayetumia waipa, nani angejua? Likikimbia, hiyo hewa ya wizi haionekani. Likisimama ndiyo inaliua. Kesho nikipata mpira mwingine, basi, kwisha kazi."

Kumbuka hapo, Debora. Vidole vyangu vilijua. Nilikishika kile kidonda kwa mkono wangu mwenyewe.

Tukiwa bado tunacheka, Bwana Haraka akaingia. Alikuja siku moja kabla. "Gari! Haraka!" Baba yako akanyoosha viganja kumwonyesha bado. Mzungu akapandisha sauti. Baba yako akanigeukia. "Mwalimu, msemee kwa ajili yangu. Mwambie gari halikai sailensa kwa sababu ule mpira umepasuka unavuta hewa. Aliache mpaka kesho, asije akazimikiwa njiani."

Mpira ni neno la mtoto wa darasa la kwanza. Tundu, hewa, kesho, yote nilikuwa nayo. Ningeweza hata kumshika mkono yule bwana nikamwonyesha, kama baba yako alivyonionyesha mimi. Lakini ukutani palibandikwa karatasi ya vipuri yenye picha, na chini ya picha moja niliona limeandikwa kwa Kiingereza neno lile lile, sailensa. Nikafurahi. Nikaona mume wangu ametumia neno la kitabuni bila kujua, na mimi nimelitambua. Picha yenyewe sikuitazama. Nikasimama wima, mikono nyuma, nikasema sentensi nzima: gari lako halina sailensa, bwana, mume wangu amelichunguza, tafadhali ngoja mpaka kesho. Mpira nikauacha. Niliona neno moja kubwa linatosha.

Kwa Kiingereza, sailensa ni lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi, chini ya gari, la kupunguza kelele.

Bwana Haraka akabadilika rangi. Kopo lile lilikuwa limetiwa jipya hapo hapo gerejini mwezi uliopita. Akapiga magoti na soksi zake nyeupe, akachungulia, akaliona limening'inia mahali pake. Akaligonga kwa fimbo, ngo, ngo, ngo. Akainuka anacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Akamwita baba yako kwa kidole, kama anavyoitwa mbwa. "Sailensa! Njoo, Sailensa!" Akamwelekeza fimbo usoni, kisha kwenye kopo, kisha usoni tena.

Nje palikaa makuli wa bandarini wakipumzika. Wakalidaka neno. "Sailensa, unaitwa na bwana wako!"

Baba yako akaniuliza taratibu, "Umemwambia nini?"

"Ulivyosema."

"Na mpira umemwambia?"

Nikasema ndiyo.

Kukosea neno ni kutojua, na hilo nimejisamehe zamani. Ile "ndiyo" sijaisamehe mpaka leo. Nilikuwa najua sikuutaja mpira. Nilimwona Mzungu anacheka, nikaona aibu, nikamdanganya mume wangu, naye akaniamini. Akaamini kwamba yule bwana ameelezwa, akaona anadharau tu. Akasimama mbele ya gari ameinua mikono yote miwili, "Kesho, bwana! Kesho!" Bwana Haraka akawasha, akamkwepa, akatoka.

Gari lilizima pale barabara inapokata reli. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja polepole, ikapiga honi, watu wakalisukuma wakalitoa. Hakuna aliyeumia. Lakini Mzungu aliyesukumwa na makuli mbele ya watu wote hawezi kurudi kwake akanyamaza.

Kesho yake nilipopeleka chakula niliwakuta wamesimama. Bwana Haraka, karani, Mzee Hassanali bado na shati jeusi la maombolezo, na baba yako katikati. Makuli mlangoni, tele.

"Elia," Mzee Hassanali akasema, "huyu bwana anasema wewe ulimwambia gari halina sailensa. Miaka sita umekaa kwangu. Sailensa huijui? Na Kiingereza umejifunza lini? Nani alisema?"

Baba yako aliniona pale mlangoni na kikapu. Alikuwa amekwisha kuelewa. Nadhani alielewa usiku uliopita, akiwa amelala ubavuni mwangu, kwa namna nilivyokuwa nimenyamaza.

"Ni mimi, mzee. Nilijaribu Kiingereza. Nimekosea."

"Wewe?"

"Mimi."

Bwana Haraka, asiyejua Kiswahili, hakufuata lililosemwa. Makuli wakapasuka. "Kumbe Sailensa ni Mwingereza!"

"Kopo la Mzungu anataka kuchemshia maharage huyo!"

"Shikamoo, Bwana Sailensa!"

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Baba yako akanitazama mara moja tu, nikaufunga. Yeye alinitazama, lakini aliyeufunga mdomo ni mimi, hakunishika taya.

Mzee Hassanali hakuwa mtu mbaya. Magari ya ofisi ya yule Mzungu yote yalitengenezwa kwake. Alimshika baba yako mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Sina la kufanya, Elia." Akamruhusu achukue spana zake.

Tulirudi Buguruni kwa miguu. Nikamwuliza, "Kwa nini umesema wewe?"

"Barua yako ya ualimu iko kwa Wazungu. Wanakaa pamoja, wanasali pamoja. Wakisikia mkalimani alikuwa wewe, watasema huyu Kiingereza hajui. Mimi nafanya kazi kwa mikono, hakuna anayeiomba mikono cheti."

"Nitamwambia Mzee Hassanali kesho."

"Pata kazi kwanza."

Nikapata kazi. Nikasema nitamwambia baada ya mwezi. Ukazaliwa wewe, nikasema ukiacha ziwa. Mzee Hassanali akafa, na mimi bado nasema kesho. Baba yako alibisha hodi gereji zote za mjini, na kila alipofika jina lilikuwa limetangulia. Fundi asiyejua sailensa! Ndipo akaanza kutengeneza magari hapa uani, ya watu kama Shomari, yaliyoshindikana huko kwingine. Watoto wakamwimbia njiani, na wewe ukarudi unalia, una miaka sita, ukaniuliza, "Mama, kweli baba aliiba kopo?" Nikakuambia, "Usiwajali." Mtoto anauliza kweli anapewa "usiwajali". Hapo nilikufundisha kumwonea haya, kisha Jumapili nikashangaa kwamba umejifunza.

Basi hasira yangu ikugawie wewe sehemu yako, lakini ujue kubwa imebaki kwangu. Viatu utakavyovaa kesho, vitabu, ada, vyote vimetoka katika ualimu wangu, na ualimu wangu ulitoka katika mdomo wa baba yako siku ile aliposema "ni mimi". Wenzako wanaocheka kwa pua hawajui. Wewe sasa unajua.

Nikuambie na hili, maana unakwenda kuwa mwalimu. Mwaka mmoja darasani watoto walikuwa wakipiga kelele, nikagonga meza nikaita kama alivyokuwa akituita yule bibi wetu, "Sailensi!", yaani kimya. Wakanyamaza. Na mimi nikaweka chaki chini. Nikaelewa palepale: mafundi hawakulikosea neno. Walilichukua kwa Wazungu wao, wakalitia maana yao nzuri, injini iliyo kimya na huku inafanya kazi. Neno la baba yako lilikuwa kamili. Aliyekosea ni msomi wa karatasi ya ukutani, ambaye hakumwuliza mumewe swali dogo: una maana gani? Siku hiyo niliwatuma watoto wakacheze kabla ya kengele.

Nataka ufanye vizuri huko uendako. Hilo sijaliacha, hata katika hasira hii. Nimekuona unavyorudia kusoma jambo usilolielewa, umekunja uso, na kila mara nimeomba kimoyomoyo kwamba utakuwa mwalimu bora kuliko mimi. Ukikosea mbele ya watoto, sema siku ile ile. Usingoje waache ziwa.

Sasa habari ya teksi ya Shomari. Unajua inazima kila inaposimama. Baba yako yumo ndani yake tangu Jumapili ile ile, tangu alipomaliza kunawa mikono safi. Safari hii si mpira. Leo asubuhi amegundua hewa inaingia chini ya kabureta, gasketi, ile karatasi ya kuzibia, imekwisha. Akaja jikoni kuniomba karatasi ngumu. Nikampa daftari lako la zamani, lile lenye jalada nene, na jina lako umeliandika juu kwa herufi kubwa. Akakaa kwenye kigoda na mkasi wangu, akakata gasketi taratibu, akizunguka pembeni ya jina, hakuligusa. Gasketi ameilowesha mafuta akaifunga. Kile kipande chenye jina amekitia mfuko wa shati. Anadhani sikuona.

Shomari akamwambia, "Elia, ukiitengeneza hii, Alhamisi endesha wewe umpeleke mtoto, mie nitapumzika."

"Mpeleke wewe," baba yako akasema. "Ndivyo alivyotaka mwenyewe." Na akacheka, amsaidie Shomari asione vibaya.

Ninapoandika hapa naisikia dirishani. Ameiwasha, ametoka, amesimama mbali ameegemea ukuta wa choo, anaisikiliza. Hakuna mtu kwenye usukani. Muda wote nilioandika karatasi hii ya mwisho haijazima.

Nimekwenda kwa Shomari na kumwambia asije kesho, teksi ilale hapa kwetu. Ameelewa, mkewe pia ameelewa, wewe usiende kuwasumbua. Injini ikizimwa nitauchukua ufunguo na kuufunga ndani ya barua hii, kwa hiyo unaposoma hapa umekwisha kuushika. Hapa nyumbani anayejua kuendesha gari ni mmoja. Sanduku lako ni zito, na stesheni ni mbali kwa miguu.

Baba yako hajui kwamba nimekuandikia. Mpe ufunguo kwa mkono wako. Kesho kaa mbele, pembeni yake, si nyuma kama abiria. Mkifika, wakiwapo wa kumwita jina lile, itika wewe.

Cha kumwambia unapompa ufunguo kitafute mwenyewe. Mimi sitakusemea.

Mama yako